Hodi Inayokula Chaji

4 Februari

Mwanangu ametengeneza programu ya simu! Mdogo wangu, rudi usome tena: ametengeneza. Hakununua, hakupewa na mtu, hakuiga. Ameitengeneza kwa kichwa chake mwenyewe, kichwa kilekile nilichokuwa nakinyoa mimi uani huku akipiga kelele, na sasa hivi iko ndani ya simu yangu. Nikiigusa inafunguka.

Haya, sasa tusalimiane kama watu. Hujambo? Shemeji hajambo, na ule mgongo wake? Cherehani zinalia? Sisi huku wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo lakini ni kikohozi cha kutaka kuhurumiwa, kikiona chakula kinapona. Duka langu la dobi linakwenda vizuri. Nimepata mashuka ya nyumba ya wageni ya barabara ya juu, yote, kwa hiyo pasi hazipoi na msichana wangu wa pasi hanyamazi kulalamika. Kaka yetu anakusalimia, ameota kitambi.

Ningeweza kukupigia, lakini jambo kama hili likisemwa kwa simu linaishia hewani. Nataka uwe nalo kwenye karatasi, uwasomee watu.

Programu yenyewe inaitwa Sebule. Ukoo mzima unakaa humo. Kila mtu ana kiti chenye picha yake, anaweka habari, picha, hata sauti, na akiwa macho taa ndogo inawaka pembeni ya uso wake. Mtu hawezi kuingia ovyo. Anabisha, na kwa mwenyeji kunalia hodi, kisha mwenyeji anabonyeza Karibu au Baadaye. Sasa niulize mwenyeji wa ukoo wetu ni nani. Mimi! Injinia aliniambia, “Mama, bila wewe haingii mtu.” Hata yeye aliyeitengeneza haoni nani yuko mlangoni wala nani amekaa ndani, anasema mlango wa watu ni siri yao. Nilitokwa na machozi mbele ya wateja.

(Injinia ndilo jina lake huku sasa. Nilianza mimi, mtaa ukafuata.)

Kabla hujaingia unaona picha ya sebule. Picha ni nzuri tu. Juu ya picha sina la kusema.

Sasa sikia la maana. Kampuni moja kubwa inataka kuichukua, iwekwe kwenye kila simu wanayouza. Mwishoni mwa Mei wataitazama ikifanya kazi ukumbini, mbele ya watu, na Injinia amesema hatatumia simu za kuazima, atatumia zetu. Tutakaa mbele ukoo mzima, simu mkononi, asubuhi mpaka jioni. Wakiipenda, mwanangu ana ofisi yake. Wasipoipenda, anarudi kwenye kibanda cha kubandika vioo vya simu, na mimi nimeshatangaza mpaka kwa yule mama wa duka la vitabu. Alisema hongera kwa pembe ya mdomo. Nimeona wivu ulivyompanda ukakwama shingoni.

Nawe ishushe kwenye simu yako, ubishe.

Dada yako, mama yake Injinia

*

19 Februari

Dada yangu, shikamoo.

Shemeji yako anakuitikia salamu akiwa amelala chali, mgongo ndio umeamua hivyo. Wasichana wa cherehani wazima. Tuna sare za shule mbili kwa wakati mmoja, bluu huku na kahawia kule, na juzi tumeunga mkono wa bluu kwenye shati la kahawia, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Barua yako niliisoma kwa sauti mashine zikiwa zimezimwa. Walipiga makofi. Mwanetu ameweza! Sikushangaa, Dada. Tangu ile miaka aliyosomea huku kwetu nilijua. Unakumbuka alivyoifungua redio ya shemeji yako, akaifunga tena, akabaki na skrubu mbili mkononi, na redio ikaimba vizuri kuliko zamani? Zile skrubu ninazo mpaka leo.

Nilishusha Sebule siku ileile nikabisha. Ikaniandikia: “Subiri, mwenyeji anakuja.” Nimesubiri. Najua una mashuka.

Lipo jambo dogo. Tangu siku hiyo simu yangu haikai na chaji. Naichomoa asubuhi ikiwa imejaa, watoto wa shule ya jirani hawajatoka mapumziko imeshakuwa nyekundu. Ukiishika ni ya moto, iko mfukoni mwa aproni kama nimebeba pasi yako. Mimi wateja wangu wote wananipigia. Yule wa sare za kwaya alinikosa mara moja tu, akaenda kwa fundi wa ng’ambo ya barabara, na fundi yule kola hajui.

Yako iko salama? Nilikupigia mchana, yule binti wa mtandao akaniambia hupatikani.

Mpe mwanetu mkono wangu. Mwambie mama yake mdogo ametoa vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Mdogo wako

*

8 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Pole kwa mgongo wa shemeji. Huku kikohozi kimehamia kwenye goti, mwenye nacho anachechemea akiniona tu. Kaka yetu yuko Sebuleni, nimempa kiti karibu na changu. Mama mkwe wa binti yangu nimemfungulia. Hata yule binamu aliyetuuzia jokofu bovu nimemfungulia, kwa sababu mimi sina kinyongo na mtu.

Kuhusu wewe kusubiri, nitaangalia nikipata nafasi. Siku hizi nafasi hakuna.

Kuhusu simu yako, usinielewe vibaya, lakini simu ile ni kuukuu. Niliiona mwaka juzi, ina ufa kama kisigino. Betri inazeeka kama mtu, huwezi kuilaumu programu mpya ya mtoto wa watu. Fanya hivi: punguza mwanga wa kioo. Zima mlio wa kutetemeka. Usiiache juani dirishani kwenye nyuzi zako. Ikizidi, nunua betri mpya, ila usinunue za barabarani, zile hujazwa udongo. Mimi yangu inakaa siku nzima wala sijui chaja niliiweka wapi.

Hukunipata mchana ule kwa sababu nilikuwa na wageni.

Watu wa kampuni wamepita dukani kwangu! Vijana wawili wa mashati meupe, nikawaambia kola zenu hazijapigwa pasi vizuri, vueni. Wakavua. Nikawapigia palepale wakiwa na fulana, huku nawasimulia Injinia alivyoanza kuongea kabla ya kutambaa. Walicheka sana. Wanasema mwanangu ana kipaji. Nikasema kipaji hakishuki toka darini, kina mahali kilipotoka.

Nasikia Jumapili alikupigia mkaongea kwa muda mrefu. Vizuri. Kwangu Jumapili hiyohiyo alisema amechoka, tuongee kesho.

Naishia hapa. Msichana wa pasi ananisumbua, anasema soketi za dukani zimebaki tatu tangu ya nne ishikwe na simu kutwa nzima, nimpishe au nimwambie mwenye mashuka asubiri.

Dada yako

*

27 Machi

Dada, shikamoo.

Shemeji yako amesimama! Mgongo umekubali, anatembea kama aliyemeza rula lakini anatembea. Sare za bluu zimeisha.

Nimekusikiliza na nimefanya yote. Mwanga nimepunguza mpaka nikawa nasoma ujumbe nikiwa nimejifunika aproni kichwani, wasichana wanasema naficha barua za mapenzi. Kutetemeka nimezima. Dirishani nimeitoa. Betri nimenunua mpya kabisa, dukani, ndani ya boksi. Siku ya kwanza nilifurahi mpaka saa nne asubuhi.

Nikaenda kwa kijana wa simu hapa kona. Akanionyesha mahali sikupajua: unaingia kwenye Mipangilio, halafu Betri, unaona majina ya vitu vyote vilivyokula chaji yako na kila kimoja kimekula kiasi gani, kama wageni mezani. Juu kabisa, Dada, ipo Sebule. Imekula zaidi ya nusu. Nikamwambia lakini mimi sijawahi hata kuingia humo. Akasema haijalishi mama, unaweza kuwa umeifunga na yenyewe ikaendelea kufanya kazi chinichini.

Sikutaka kumwamini mtu wa kona juu ya mtoto wetu. Kwa hiyo nikajaribu mwenyewe. Niliifuta Sebule. Simu ikalala na chaji na kuamka nayo. Nikairudisha nikabisha tena, ikaniandikia yaleyale ya subiri, na kabla sijamaliza pindo la sketi moja mfuko wa aproni ulikuwa wa moto. Nikaifuta tena, ikapoa. Nikairudisha, ikachemka. Si betri, na si ufa.

Mwanetu amenipigia tena. Aliniuliza, “Mama mdogo, Sebule unaionaje?” Nikasema mlango ni mzuri sana. Sikusema zaidi. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu ni mwanao, na kwa sababu bado kuna wakati kabla ya siku ya ukumbini. Ikiwa simu zetu zitazimika mbele ya watu wale, atasimama pale na nini?

Halafu, Dada, soketi ile ya nne. Inamchajia nani simu kutwa, nawe hujui hata chaja uliiweka wapi?

Mdogo wako

*

11 Aprili

Marahaba, kama kweli uliniamkia kwa moyo.

Sisi wazima. Nadhani nanyi.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Kila nikisoma naona neno moja linanirukia: mwanetu, mwanetu, mtoto wetu. Leba tuliingia wangapi, mdogo wangu? Sikumbuki kukuona kitanda cha pili.

Programu haina ubaya wowote. Wale vijana wa kampuni wameiweka kwenye simu zao wenyewe, wanaitumia ofisi nzima, na chaji yao haiendi popote. Wenyewe wanalalamikia rangi tu. Kwa hiyo kama Sebule ni mbovu kwako, basi kuna kitu kwako. Sasa umemwambukiza na kaka yetu. Amekuja hapa na kitambi chake anasema simu yake inazimika kabla ya chakula cha mchana. Nikamwambia nyamaza, hakunyamaza, akaenda kumwambia Injinia mwenyewe. Furahini.

Mwanangu amekonda. Anakuja hapa, anakaa, macho yako kwenye kompyuta, sahani inapoa. Anasema, “Mama, kwenye simu za kampuni inatulia, kwenye simu za ukoo wetu inachemka, na programu ni ileile. Ukoo wetu una nini?” Mimi nitajuaje ukoo wetu una nini? Wale watu wameshasikia, wamesema ikizimika hata simu moja siku ile ukumbini, wanafunga mikoba yao. Naye kila siku anabadilisha hiki, anarudisha kile, na simu haziponi.

Na wewe anakupigia. Naona. Anatoka nje kuongea.

Nikwambie kitu ambacho sikutaka kukwambia? Siku ya kwanza aliponifungulia ile programu, nilikuwa nimepaka mafuta usoni na kuvaa gauni la kutokea. Akasema, “Mama, funga macho. Haya, fungua.” Nikafungua. Nikaona kochi. Kochi la kijani, mkono wa kushoto umepauka, na juu yake kitambaa cha kufuma cha maua meupe, ua moja limeshonwa upya kwa uzi usiofanana. Mtu mmoja tu duniani anashona ua kwa uzi usiofanana kwa sababu hataki kutupa.

Mimi nina makochi manne, mdogo wangu! Manne, na meza ya kioo. Nimemzaa, nimemnyonyesha, nimepiga pasi mashuka ya watu mpaka vidole vyangu havina tena alama, ofisini nikiweka dole gumba wanaona doa tu. Halafu mwanangu akitafuta sebule ya kuwaonyesha walimwengu, ya kuiweka mlangoni ili kila mtu ajue nyumbani ni wapi, anachukua yako.

Usimwambie neno lolote juu ya majaribio yako. Ataona hata mama yake mdogo haiamini kazi yake, na moyo utamvunjika.

Niishie hapo. Pasi inaunguza.

*

29 Aprili

Dada yangu, shikamoo. Naamkia kwa moyo, kama siku zote.

Sikumwambia. Nilimwuliza tu swali moja, alipopiga, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. Nikasema: hivi mtu akibisha kwenye Sebule na mwenyeji akasema Baadaye, programu inafanya nini? Akasema, “Inabisha tena, Mama mdogo.” Nikasema na akisema tena Baadaye? Akacheka, akasema, “Inabisha mpaka afunguliwe. Na simu za walio ndani zote zinaamka kumwandalia kiti, zikikuta hajaingia zinalala kidogo, zinaamka tena. Nilifanya makusudi, ili mgeni akiingia akute kiti tayari.” Kisha akauliza, “Kwa nini?” Nikasema basi tu, nimependa.

Kule kampuni hakuna aliyeachwa nje, Dada. Ndiyo maana kwao kumetulia.

Nimeliondoa ombi langu la kuingia. Kuna pahali pameandikwa “Acha kubisha,” nimebonyeza, kisha nimeifuta Sebule kabisa. Simu yangu imepoa. Yako itapoa, na ya kaka. Mwache mwanao aende ukumbini akiwa na amani, wala kwangu hatajua lolote.

Juu ya kochi. Unakumbuka huku kwetu mtandao ulivyokuwa wa kuwinda? Ulikuwa unashika mahali pamoja tu ndani ya nyumba, kwenye lile kochi, upande wa kushoto, ukiwa umeegemea. Pale ndipo alipokuwa anakaa kukupigia wewe. Kila Jumapili. Ule mkono haujapauka kwa jua, umepauka kwa kiwiko chake. Nilikuwa namwachia simu yangu, nafunga mlango nisiwasumbue, nakwenda kukaa kwenye cherehani. Nilikuwa nasikia anacheka kwa namna ambayo na mimi hakuwahi kucheka, hata siku ya ile redio. Nikipika anakula vizuri, anasema asante Mama mdogo. Lakini ule mcheko alikuwa anauweka wiki nzima, akufikishie wewe.

Ulidhani ni wewe peke yako?

Mgongo wa shemeji yako umeuma tena, amerudi kulala chali. Tunashona kahawia.

Mdogo wako

*

15 Mei

Nimemwambia! Mdogo wangu, nimemwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, na dunia haikupasuka!

Marahaba. Hujambo? Mgongo haujambo? Kikohozi na goti vyote vimekutana, nimeviacha huko chumbani vinashauriana.

Ngoja nikupe habari kwa mpangilio. Barua yako ilifika simu yangu ikiwa imeshapona. Sikujua imepona na nini. Niliamka siku moja, nikaichomoa, nikaisahau kwenye meza ya pasi, jioni nikaikuta bado imejaa. Msichana wa pasi alirudishiwa soketi yake akaipiga busu. Kaka akaja anaringa na simu hai. Mimi nikasema mnaona? Nilisema programu haina ubaya.

Lakini hodi ilikuwa hailii. Nilikuwa nimeizoea. Ikilia asubuhi nabonyeza Baadaye, mchana Baadaye, nikiwa na wateja Baadaye, kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe. Sasa hakuna. Nikawa naichukua simu naitazama, naiweka, naichukua. Msichana wa pasi akaniuliza, “Mama, unamsubiri nani?” Nikamwambia fanya kazi.

Ndipo barua ikaja. Niliposoma pale pa kiwiko, nilifunga duka. Mchana kweupe, mashuka yakiwa kwenye maji. Mtaa ulidhani nimefiwa.

Jumapili Injinia akaja. Nilidhani atakuja anacheza. Akaja amenuna. Nikasema mwanangu, simu si zimepona? Akasema, “Zimepona, Mama, ndiyo ninachoogopa. Sikuzitibu mimi. Kama sijui zimepona kwa nini, nitasimamaje mbele ya wale watu? Wakiniuliza nitajibu nini? Nawapigia simu waahirishe.” Akaichukua simu kabisa, akaanza kutafuta namba.

Mdogo wangu, nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Na kunyamaza najua, ukiniona nimeamua. Lakini nilimwangalia yule mtoto, mashavu yameingia ndani, nikaona sasa nitakuwa nimemfungia nje na yeye.

Nikasema, “Weka simu chini. Kulikuwa na mtu mlangoni.”

“Nani?”

“Mama yako mdogo.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipoileta.”

Akanitazama. “Si alikuwa ndani siku zote hizi? Aliniambia mlango ni mzuri.”

“Aliuona sana,” nikasema. “Hakuwa na kingine cha kuona.”

Shemeji yako alisahau kukohoa. Kisha Injinia akasema polepole, kama mtu anayehesabu kichwani, “Mama, niliandika ibishe mpaka ifunguliwe. Sikuweka kikomo. Sikufikiria kabisa kwamba mtu anaweza kumwacha ndugu yake nje miezi yote hiyo.”

“Basi hujaishi, mwanangu,” nikamwambia. “Na hao wateja wako nao wana ndugu. Utakuta ukoo mmoja una watano mlangoni. Weka dawa.”

Akacheka! Mcheko uleule, unaoujua wewe. Akainua kompyuta, akaweka sahani juu ya goti, akala huku anaandika. Sasa Sebule inabisha mara chache, kisha inapumzika, na asubuhi inamkumbusha mwenyeji kwa adabu, basi. Na kwa mwenyeji mwenye roho ngumu ameongeza maneno, yanatokea chini ya Baadaye: “Una uhakika?” Hayo nimeyabuni mimi. Nimewaambia watu dukani kwamba sasa mimi na mwanangu tumeitengeneza pamoja. Yule wa duka la vitabu alikosa pa kutazama.

Tumeijaribu. Tulimweka kaka nje makusudi, kutwa nzima, akabisha mpaka akachoka. Simu zote zilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Hajaacha kulalamika.

Injinia aliniuliza kama abadilishe picha, aweke makochi yangu manne. Niseme ukweli, nilifikiria. Meza ya kioo inapiga picha vizuri sana. Nikasema iache. Ila nimemwambia akisimama ukumbini awaambie watu yule kijana aliyekuwa akikaa kwenye kochi lile alikuwa anampigia nani.

Sasa wewe. Hiyo Sebule uliyoifuta irudishe leo, usingoje kumaliza pindo. Bisha. Simu iko hapa, haiko kwenye soketi, iko mkononi mwangu, na kwenye kiti cha upande wangu wa kulia nimemhamisha kaka. Nikikufungulia usije ukaingia kimyakimya. Piga vigelegele kama vile vya kwanza, na useme mwanetu, useme mbele ya ukoo wote. Nitajikaza.

Na uje mwenyewe, kwa miguu yako. Wasichana wafunge cherehani, shemeji umlaze kiti cha nyuma na mito. Mtafika Alhamisi. Wewe utalala kitandani kwangu, wanaume watajua wenyewe pa kujibanza. Leta kile kitambaa cha maua meupe, nikifue kwa mkono wangu, nikipige pasi kilale sawasawa, tukitandike kwenye meza ya mbele ukumbini watu wakione. Leta na zile skrubu mbili. Kaka atakuwepo, binti yangu na mama mkwe wake, yule binamu wa jokofu, msichana wa pasi, mtaa wote wa dukani, na hata mama wa duka la vitabu nimemwalika, akae mahali nitakapomwona. Simu zote ziwe zimechajiwa. Tunaanza saa nne asubuhi, na sitaki mtu abaki mlangoni.

Jumamosi, tarehe thelathini Mei.

Dada yako